Dadu Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku ya Wazazi ya muhula uliopita Chama chetu cha Kompyuta kilionyesha mchezo mdogo tulioutunga sisi wenyewe, mimi na mwenzangu mmoja wa darasa langu. Katika mchezo huo mpiga upanga husimama mbele ya zimwi, na mchezaji hubonyeza kitufe ili apige. Kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza alikuja na mama yake, akabonyeza mara nne, na mara zote nne upanga ukapita hewani. Mama akatutazama kwa huruma akasema, “Wanangu, mashine yenu ni mbovu.” Kisha wakaenda zao kutazama sungura wa Chama cha Kilimo.

Mashine haikuwa mbovu. Walakini usiku ule bwenini mimi na mwenzangu tulibishana hata kiranja akatunyamazisha, na ubishi wenyewe haujaisha mpaka leo. Yeye alitaka dadu ya kompyuta ibadilishwe ili imfurahishe mchezaji. Mimi nilisema kwamba kuibadilisha dadu kwa siri ni udanganyifu. Mwalimu mlezi wa chama alipopata habari alituambia kuwa watu wazima wafanyao kazi hiyo wamebishana jambo hilo hilo kwa miaka mingi, akaniagiza niandike habari zake katika gazeti letu. Basi naandika.

Kwanza yafaa msomaji aujue mchezo wa mezani ambao michezo mingi ya kompyuta imetokana nao, maana si wengi wetu waliopata kuuona. Sote twajua bao, na sote twajua ludo. Katika bao hakuna bahati. Kete zote zi wazi mbele ya macho, na mwenye kuhesabu vizuri hushinda. Katika ludo bahati ni nyingi na akili ni kidogo. Mchezo nitakaousimulia umekaa katikati ya hiyo miwili, tena unacho kitu cha tatu ambacho bao wala ludo hazina, nacho ni hadithi.

Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Gygax alikuwa akikaa Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Wote wawili walikuwa wapenzi wa michezo ya vita, ile ambayo watu hupanga sanamu ndogo za askari juu ya meza wakapiganisha majeshi. Michezo ya namna hiyo ina asili ya zamani. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa jeshi la Prussia, von Reisswitz, alitoa mchezo wa ramani na dadu wa kuwafunzia maofisa, ukiwa na mwamuzi wake. Jambo jipya la Gygax na Arneson lilikuwa kwamba mchezaji hakuongoza jeshi, bali aliongoza mtu mmoja tu, mwenye jina lake, nguvu zake na udhaifu wake. Mwamuzi husimulia: mmefika mlango wa pango, ndani mnasikia mtu akikoroma, mtafanyaje? Kila mchezaji hujibu kwa niaba ya mtu wake. Penye shaka, dadu hurushwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa hesabu ya uhai. Katika sheria za vita ambazo Gygax na Jeff Perren walizitoa mwaka 1971, ziitwazo Chainmail, askari wa kawaida aliyepigwa aliondolewa mezani papo hapo. Kwa jeshi la watu mia si neno. Lakini mchezaji mwenye mtu mmoja tu, aliyempa jina na kumpenda, hataki afe kwa pigo la kwanza. Arneson alieleza baadaye kwamba dawa yake aliitoa katika sheria alizokuwa amezitunga za vita vya manowari za chuma: manowari haizami kwa risasi moja, hupungua kidogo kidogo. Basi mtu naye akapewa akiba ya pointi za uhai, na kila pigo likawa linaila akiba hiyo. Leo hakuna kijana aliyecheza hata mchezo mmoja wa simu ambaye hajauona ule mstari mwekundu upunguao juu ya kichwa cha adui. Wachache wajua kwamba ni mstari wa manowari.

Ama kuhusu kupiga, sheria ni nyepesi. Mpigaji hurusha dadu ya pande 20, huongeza ustadi wake, na jumla hulinganishwa na deraya ya adui. Tuseme ustadi ni 4 na deraya ni 13. Ukirusha 9 au zaidi umempata. Ukirusha 8 au pungufu umemkosa. Pande zifaazo ni 12 kati ya 20, yaani 60 kwa 100. Ndivyo ulivyokuwa mchezo wetu wa Siku ya Wazazi.

Hapo kale hesabu haikuwa nyepesi hivyo. Katika kitabu cha toleo la pili, cha mwaka 1989, deraya bora ilikuwa na namba ndogo: asiye na deraya alikuwa na 10, aliyevaa chuma mwili mzima alishuka chini, na wengine walishuka hata chini ya sifuri. Ili ujue namba ya kurusha ulitoa deraya ya adui katika namba yako. Namba yako ikiwa 20 na deraya yake 4, warusha 16. Deraya yake ikiwa pungufu ya sifuri kwa 3, warusha 23, jambo ambalo dadu ya pande 20 haliwezi pasipo msaada. Nilimwonyesha mwalimu wetu wa Hisabati, akasema ni zoezi zuri la Kidato cha Kwanza. Toleo la tatu la mwaka 2000 liliigeuza hesabu hiyo juu chini, na wachezaji wakapumua. Kwa kompyuta ilikuwa mamoja, maana kompyuta haichoki kutoa.

Basi ingedhaniwa kwamba kuuhamisha mchezo huu kutoka mezani kwenda katika kompyuta ni kazi ya kunakili tu: chukua kitabu, andika hesabu zake katika programu, umekwisha. Sisi tulidhani hivyo. Ugumu hauko katika hesabu. Uko katika mambo mawili ambayo kitabu hakiyaandiki kwa kuwa mezani yapo bila kuandikwa, nayo ni saa na mwamuzi.

Nianze na saa. Mezani watu hucheza kwa zamu, na pambano ambalo katika hadithi ni la dakika moja laweza kula saa nzima ya jioni. Hakuna anayeudhika, watu wanabishana, wanakula karanga. Kompyuta humfanyia mtu mmoja kazi hiyo yote, naye hana wa kubishana naye. Watungaji wa kwanza walifuata kitabu. Mchezo uitwao Pool of Radiance, uliotolewa na kampuni ya SSI mwaka 1988, ulikuwa wa zamu kama mezani.

Mwaka 1998 kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ilitoa Baldur's Gate, nao ukachukua njia nyingine. Kitabu cha toleo la pili kilisema duru moja ya mapigano ni dakika moja. BioWare waliifanya sekunde 6, wakaacha saa iende bila kusimama, na kila mtu uwanjani akapewa duru yake mwenyewe, ikienda sambamba na za wenzake. Kisha, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwaamuru watu sita kwa sekunde sita, walimpa mchezaji kitufe cha kusimamisha kila kitu. Ukibonyeza, upanga hubaki hewani mpaka umalize kufikiri.

Dawa hiyo ilikuwa nzuri, lakini iligusa mambo mengi kuliko saa. Kaka yangu anao mchezo huo nyumbani, na likizo iliyopita nilijifunza jambo hili kwa machungu. Mchawi wangu alianza kutamka uganga wa mpira wa moto juu ya kundi la maadui. Mezani adui hukaa mahali pake mpaka zamu yake ifike, na mwenye kupima vizuri humchoma adui bila kumgusa rafiki. Lakini hapa kutamka hula sehemu ya zile sekunde sita, na wakati mchawi anatamka, maadui walitoka mahali pale wakamkimbilia mpiga upanga wangu, na mpiga upanga naye akawaendea. Moto uliposhuka uliwakuta wote pamoja. Sheria ya moto ilikuwa ile ile ya kitabu, neno kwa neno. Ilikuwa saa tu iliyobadilika, na silaha yangu bora ikawa hatari kwangu kuliko kwa adui.

Mchezo wa Fallout, wa mwaka 1997, ulikuwa na kisa chake. Ulianzwa kwa sheria za kitabu kiitwacho GURPS cha Steve Jackson, lakini mapatano yakavunjika kabla haujatoka, na watungaji wakalazimika kutunga sheria zao upesi. Walimpa kila mtu pointi za vitendo katika kila zamu: 5, na nusu ya wepesi wake. Mwenye wepesi 6 alipata 8. Risasi moja ya bastola ilikula 5, na 3 zilizobaki zilitosha hatua tatu. Ni kama mwanafunzi mwenye shilingi mia nane dukani. Mimi naipenda njia hii kuliko zote, kwa kuwa kila kosa ni lako mwenyewe.

Mchezo uliosifiwa zaidi katika miaka ya karibuni ulirudia zamu. Huo ni Baldur's Gate 3, uliotolewa mwezi Agosti 2023 na Larian, kampuni ya mji wa Ghent, Ubelgiji. Ulifuata toleo la tano la kitabu, la mwaka 2014, lakini si kwa utumwa. Katika kitabu hicho kunywa dawa ya kuponya jeraha hula kitendo chako cha zamu, ukinywa, hupigi. Mezani aliyekunywa ametimiza jambo, wenzake humshukuru. Katika kompyuta aliyekunywa huona tu kwamba amepoteza zamu. Larian waliifanya dawa kuwa kitendo kidogo cha nyongeza, unywe kisha upige. Kumsukuma adui nako wakakufanya hivyo hivyo, na kwa kuwa nchi yao imejaa majabali na madaraja, kumsukuma mtu shimoni kukawa silaha ya kutisha. Kitabu kiliporekebishwa mwaka 2024, nacho kiliifanya dawa kuwa kitendo kidogo.

Jambo moja lilibaki gumu kwao. Mezani mtu aweza kupaza sauti katikati ya zamu ya mwingine, “Ngoja! Nainua ngao ya uganga!” Mwamuzi husimama, humsikiliza. Kompyuta haisikii kelele. Yapasa isimamishe mchezo na kuuliza: je, wataka kuinua ngao? Ikiuliza kila mara yachosha, isipouliza yaudhi. Wao walimwachia mchezaji achague ni mambo gani aulizwe.

Sasa nafika kwa mwamuzi, na hapa ndipo penye ugomvi wetu. Mezani ukikosa, mwamuzi hasemi “umekosa” akanyamaza. Husema zimwi limeinama, upanga umekata mkufu wake, sasa limekasirika. Kukosa kumegeuka kuwa hadithi. Katika kompyuta yetu yule kijana aliona upanga ukipita hewani mara nne, na mara zote nne neno moja: UMEKOSA.

Tena kuna jambo la akili za binadamu. Sid Meier, mtungaji wa mchezo wa Civilization, aliwaeleza watungaji wenzake mwaka 2010 alivyoona wachezaji wakihesabu. Mchezaji mwenye nguvu 3 akipigana na mwenye 1 ana haki ya kushindwa mara 1 katika 4. Alipopata kushindwa alilalamika kwamba mchezo umeharibika. Lakini alipokuwa yeye mwenye 1, akashinda, hakulalamika hata kidogo. Meier na wenzake waliirekebisha hesabu ifanane na matarajio ya wachezaji. Wajapani waliotunga Fire Emblem walifanya zaidi. Tangu mchezo wao wa mwaka 2002, skrini huonyesha kwa mfano 75 kwa 100, lakini ndani kompyuta huchukua namba mbili za bahati na kutumia wastani wake. Nilipiga hesabu kwa kalamu: 75 iliyoandikwa huwa karibu 88, na 25 huwa karibu 13. Kwa kuwa watu wa mchezaji ndio aghalabu wenye namba kubwa, na maadui wenye namba ndogo, faida yaenda upande mmoja. Wachezaji walifurahi, na wengi hawakujua.

Mwenzangu aliposoma habari hizo alishangilia. “Waona?” akasema. “Tena mezani waamuzi wengi hurusha dadu nyuma ya kibao, na mtu wako akiwa karibu kufa kwa bahati mbaya tupu, mwamuzi husema namba nyingine. Mwamuzi akifanya ni hekima. Kompyuta ikifanya kwa nini iwe wizi?” Sikuwa na jibu usiku ule. Nadhani sasa ninalo. Mwamuzi anakaa mbele yako, wamjua, na kesho waweza kumwuliza. Namba iliyoandikwa kwenye skrini ni ahadi. Ukiandika 75, na iwe 75. Kama wataka 88, andika 88. Kwa sababu hiyo nawasifu Larian kwa jambo lao: mchezo wao una kipimo cha kuzuia bahati mbaya isifuatane mno, lakini kimeandikwa wazi katika mipangilio, na asiyekitaka hukizima.

Kwanza lakini nilitaka kuhakikisha kwamba dadu yetu haina kosa. Kompyuta haina dadu, ina hesabu. Lugha ya Python tunayojifunza hutumia kanuni iliyotungwa na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura, mwaka 1997, ambayo hutoa namba moja baada ya nyingine kwa utaratibu uliofichika mno hata zikaonekana hazina utaratibu. Ukiianza mahali pale pale hutoa namba zile zile. Niliirusha mara 10,000 wakati wa maandalio ya Jumamosi, na kila upande ukatokea karibu na mara 500. Dadu ilikuwa safi. Kisha nikapiga hesabu nyingine, na hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Kukosa kwa 40 katika 100 mara nne mfululizo hutokea mara 1 katika 39. Siku ile tulipata wageni karibu arobaini. Kwa hiyo tulipaswa kujua tangu asubuhi kwamba huenda mmoja wao akaondoka akisema mashine ni mbovu. Hatukujua ni yupi tu.

Tuliyoyafanya ni haya. Dadu hatukuigusa. Tulichukua wazo la mchezo uitwao Pillars of Eternity, wa mwaka 2015, ambao kati ya kukosa na kupata umeweka mkwaruzo, yaani pigo la nusu. Katika mchezo wetu arushaye 5 mpaka 8 sasa humkwaruza zimwi, na akosaye kabisa ni arushaye 1 mpaka 4 tu. Kukosa kabisa mara nne mfululizo sasa ni mara 1 katika 625. Lakini mikwaruzo huongeza maumivu. Wastani wa kila pigo ulipanda kutoka sehemu 6 katika 10 hadi 7 katika 10, na zimwi likawa linakufa mapema mno. Ikatubidi tuipandishe akiba yake ya uhai kutoka 30 hadi 35 ili pambano lirudi urefu wake. Ukivuta uzi mmoja wa sheria hizi, nguo yote husogea.

La pili, dadu yenyewe sasa yaonekana kwenye skrini ikibingirika na kusimama, na hesabu yake imeandikwa chini yake. La tatu lilitoka kwa mwenzangu, na nakiri kuwa ni bora kuliko yangu. Aliandika sentensi arobaini na moja za kuchukua nafasi ya lile neno UMEKOSA: zimwi limeruka nyuma, ngao imelia kama kengele ya chakula, na nyinginezo, baadhi yake zikiwa za kuchekesha mno hata Mwalimu akazifuta mbili.

Tumebakiwa na mchawi, ambaye mpaka sasa huchoma rafiki na adui pamoja, na hatujaafikiana kama hilo ni kosa au ni sheria. Mwenzangu naye bado asema wastani wa namba mbili ungefaa zaidi. Mchezo umo katika kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, chumba cha kompyuta, kila Jumamosi baada ya usafi mpaka saa sita mchana. Atakayekosa mara nne mfululizo tafadhali aandike jina lake katika daftari lililo kando ya mashine, maana twazihesabu.